Mtu, Kitu, Mahali na Namna: Kazi ya Padre Alexis Kagame Ikipimwa kwa Kiswahili cha Pwani

Mwalimu afundishaye kwa Kiswahili hukutana mapema na neno dogo lisilompa taabu yo yote mpaka siku atakapoulizwa maana yake. Neno hilo ni "yuko", au "yupo". Mwalimu asema, Mungu yuko. Mtoto aliyeketi mbele auliza, Yuko wapi? Swali hili si utovu wa adabu, wala si ujinga. Limetoka katika lugha yenyewe, kwa maana ile -ko ndiyo tuisikiayo katika "huko", na ile -po ndiyo tuisikiayo katika "hapo". Mtoto amesikia neno la mahali, naye ataka kutajiwa mahali.

Yuko mtu mmoja wa nchi hizi zetu za Afrika ya Mashariki aliyelishika swali la namna hii na kulitumikia maisha yake yote: Padre Alexis Kagame wa Rwanda. Wasomaji wetu wengi wamelisikia jina lake kwa habari za historia ya Rwanda, lakini ni wachache waliopata kueleza alisema nini juu ya kuwa, kujua na kufikiri. Katika kurasa hizi tutaeleza kazi yake, kisha tutaipima kwa maneno yasemwayo huku Dunda na pwani yote ya Bagamoyo, tuone ni yapi yasimamayo na ni yapi yasiyosimama.

I. Maisha yake

Alexis Kagame alizaliwa mwaka 1912 huko Kiyanza, katika ukoo uliokuwa na kazi ya kuhifadhi mambo ya baraza la mfalme. Alisoma seminari, akapewa upadre mwaka 1941. Akawa mhariri wa Kinyamateka, gazeti la misheni lililoandikwa kwa Kinyarwanda na kutolewa Kabgayi. Wakati huo huo alikuwa akikusanya kutoka vinywani mwa wazee mashairi ya nasaba ya wafalme, ambayo watunzi wa baraza waliyashika kwa moyo tangu vizazi vingi. Utafiti wake juu ya mashairi hayo ulipigwa chapa mwaka 1951.

Mwaka 1952 alikwenda Roma, akasoma katika Chuo Kikuu cha Gregoriana, akapata udaktari wa falsafa mwaka 1955. Maandiko yake ya udaktari yalitolewa Brussels mwaka 1956 kwa jina la La philosophie bantu-rwandaise de l'Être, yaani falsafa ya Kibantu ya Rwanda juu ya kuwa. Kitabu hicho kimeandikwa kwa mazungumzo ya watu wawili, Gama na Kama, mmoja akiuliza na mwenziwe akijibu, kama walivyofanya wenye hekima wa Kiyunani. Baada ya kurudi kwao alifundisha, na hata katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, kilichoanzishwa Butare mwaka 1963. Alikuwa pia katika kamati ya wataalamu walioitwa na UNESCO kusimamia uandishi wa historia ya Afrika nzima. Mwaka 1976 alitoa Paris kitabu cha pili, La philosophie bantu comparée, akizilinganisha sasa lugha nyingi za Kibantu wala si Kinyarwanda peke yake. Alifariki Nairobi mwezi wa Desemba mwaka 1981.

II. Swali alilolikuta

Kabla yake alikuwapo Padre Placide Tempels, Mbelgiji wa shirika la Mtakatifu Fransisko, aliyefanya kazi Katanga. Mwaka 1945 kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu kilitoka kwa Kifaransa, nacho kikasomwa mbali. Tempels alisema kwamba kwa Wabantu kuwa na nguvu ni jambo moja. Kila kilichopo ni nguvu, nayo huongezeka au hupungua. Neno hili liliwafurahisha wengi, kwa sababu lilikanusha usemi wa zamani kwamba Mwafrika hana falsafa.

Kagame alilipokea kwa heshima, lakini akauliza, Kwa ushahidi gani? Mtu akisema kwamba taifa zima lafikiri hivi, yapasa aonyeshe alikoliona wazo hilo. Kama lilikuwa katika maneno ya mzee mmoja, ni wazo la mzee huyo. Kama lilikuwa katika moyo wa mtafiti, ni la mtafiti. Kagame akatafuta shahidi asiyeweza kuhongwa, akamwona katika lugha. Lugha, alisema, imetengenezwa na watu wengi kwa muda mrefu, hapana mmoja awezaye kuipinda kwa kusudi lake. Basi tukiichungua miundo yake, pamoja na methali na hadithi, tutaona jinsi wenye lugha walivyoyapanga mambo yaliyopo.

III. Makundi manne

Katika Kinyarwanda, kama katika lugha nyingi za jamaa yake, shina -ntu huingia katika ngeli mbalimbali. Kagame aliokota maneno manne. La kwanza ni umuntu, kilichopo chenye akili. La pili ni ikintu, kilichopo kisicho na akili, ndiyo mawe, miti na wanyama pia. La tatu ni ahantu, ambalo kwalo yeye alifahamu mahali na wakati pamoja. La nne ni ukuntu, namna ya kuwapo: rangi, ukubwa, uhusiano, kutenda, kutendwa na mfano wa hayo.

Kisha akayaweka makundi hayo kando ya makundi kumi ya Aristotle. Kile ambacho Aristotle alikiita asili ya kitu, Kagame akakigawa kiwe mtu na kitu. Mahali na wakati, ambayo Aristotle aliyatenga, Kagame akayaunganisha katika ahantu. Saba yaliyobaki akayatia yote katika ukuntu. Hivyo kumi yakawa manne, na hakuna lililoachwa nje.

Lakini kuna mmoja aliye nje, naye ni Mungu. Kagame alisema kwamba Imana hahesabiwi katika -ntu yo yote, kwa sababu kila -ntu ni kitu kilichopewa kuwapo, na Mungu ndiye ampaye kila kitu kuwapo kwake. Ndiyo maana alilipenda jina la Iya-Kare, Yule wa tangu awali. Hapa msomaji aone tofauti yake na Tempels: Tempels aliweka Mungu kileleni mwa ngazi ya nguvu, na Kagame akamtoa katika ngazi yote.

IV. Kiswahili kikiitwa kutoa ushahidi

Kama lugha ni shahidi, basi kila lugha ya jamaa hii yapasa kuhojiwa. Pwani yetu ni mahali pema pa kufanya hivyo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni Bagamoyo mwaka 1868, na miongoni mwao alikuwako Padre Charles Sacleux, ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa ilianza kutoka mwaka 1939. Misafara ya bara iliishia hapa, majahazi ya Unguja yalitia nanga hapa, na lugha zikakutana. Tutazame basi Kiswahili chasema nini juu ya yale manne.

La kwanza na la pili tunayo: mtu na kitu. Tena tunalo "utu", neno ambalo kila mhubiri alijua uzito wake. Twamwambia mtu mzima kwamba hana utu, wala hatusemi kwamba si mtu.

La tatu limetupotea. Mshambaa husema hantu, karibu sawa na Mnyarwanda, lakini Mswahili husema "mahali", neno alilolipata kwa Waarabu. Hata hivyo ajabu ni hii: neno limekuja kutoka ng'ambo, lakini halikuleta sarufi yake. Twasema "mahali pangu", "mahali pale pazuri". Ile pa- ya Kibantu imebaki kama kiti cha mwenye nyumba aliyeondoka, na mgeni ameketishwa juu yake. Msemaji ye yote wa Dunda, hata asiyejua kusoma, husema "mahali hapa", wala hasemi "mahali hii" kama wasemavyo baadhi ya wageni.

La nne nalo limetupotea. Badala ya ukuntu twasema "namna" au "jinsi", nayo ni maneno ya kuazima. Lakini tena kitu cha kale kimebaki: "alivyosema", "nilivyo", "vizuri", "hivyo". Pasipo neno la namna kutajwa, vi- yafanya kazi yake.

Mpaka hapa Kagame angefurahi, akasema, Tazameni, neno hufa na kundi hudumu. Lakini ushahidi mwingine wa Kiswahili wampinga. Yeye aligawa mtu na kitu kwa akili. Kiswahili katika upatanisho wake hakigawi kwa akili, chagawa kwa uhai. Twasema "simba amelala", "mbwa wangu amepotea" (hapo hata wenye lugha hutofautiana kati ya "wangu" na "yangu"), "samaki huyu amevuliwa leo". Mnyama, asiye na akili ya kibinadamu, amepewa a- ile ile apewayo mtu. Kinyume chake "mzimu", ambaye katika Kinyarwanda huitwa umuzimu, wengi abazimu, katika ngeli ya watu, kwetu amehamia upande wa miti: mizimu imekuja. Na neno "Mungu" lenyewe, tukitaja miungu ya mataifa, lapata wingi wa mi-, ambao ni umbo la miti na mikono.

Tufanyeje na haya? Tukisema kwamba ngeli ni ramani ya falsafa, yatupasa kusema kwamba Mswahili huamini mbwa ana akili na mzimu ni mti. Hapana mtu Dunda asadikiye hivyo. Basi ngeli yaweza kuwa alama ya mawazo ya zamani, au ya desturi ya ulimi tu, na kwa kuitazama yenyewe hatuwezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

V. "Nafikiri, basi niko"

Sasa twarudi kwa yule mtoto. Mfaransa Descartes, katika karne ya 17, alitafuta neno moja lisiloweza kutiliwa shaka, akaona kwamba hata akitilia shaka kila kitu, hawezi kutilia shaka kwamba anafikiri. Na kama anafikiri, basi yuko. Kagame alisema kwamba Mbantu akiambiwa neno hili katika lugha yake ataliona halijamalizika. Katika lugha hizi kitenzi cha kuwa hutaka kikamilisho: ni mwema, ni mrefu, au yuko mahali fulani. Msikiaji atauliza, Wewe u nini? Uko wapi?

Kwa Kiswahili jambo hili laonekana wazi. Tuna "ni", itakayo jina au sifa baada yake. Mtu akisema "Mimi ni" akanyamaza, twamngojea amalize. Na tuna "niko, nipo, nimo", ambazo zote tatu ni za mahali: -ko ya mahali pasipo dhahiri, -po ya mahali dhahiri, -mo ya ndani. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili iliyotoka nzima mwaka 1952 walipofika katika Kutoka, sura ya 3, ambapo Mungu amtajia Musa jina lake katika kijiti, walilazimika kuchagua mojawapo, wakachagua "niko". Hawakuwa na njia nyingine. Jina lile kuu kuliko majina limevikwa kiambishi cha mahali.

Je, lugha imetufunga? Hapa twamwacha Kagame, na sababu zetu tunazipata katika usemi wa kila siku. Watu wawili wa pwani wakionana baada ya siku nyingi, mmoja huuliza, "Upo?" Mwenziwe hujibu, "Nipo." Hakuna ataka kujua mahali, maana wamesimama uso kwa uso. Aliyeuliza ataka kujua kama mwenziwe angali hai na mzima, na aliyejibu amejibu hilo hilo. Tena twauliza, "Dawa ya ugonjwa huu ipo?" na mtu akisema "Ipo", twaweza kufurahi kabla ya kuuliza iko duka gani. Tena mwalimu wa hesabu asema, "Ipo namba iliyo kubwa kuliko 7 na ndogo kuliko 9", wala hakuna mwanafunzi atakayetoka nje kuitafuta.

Basi -po na -ko zina kazi mbili: moja ya kutaja mahali, moja ya kutaja kuwapo tu. Kazi ya pili ilizaliwa na ya kwanza, lakini imekwisha kuacha nyumba ya mama yake. Wala jambo hili si la Wabantu peke yao. Mfaransa atakaye kusema kwamba kitu kipo husema il y a, na ile y ni neno la mahali. Mwitaliani husema c'è, na hiyo c' ni "hapo". Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana aliyefariki mwaka 2022, alionyesha kwamba katika Kiakan, lugha isiyo ya Kibantu, kuwapo husemwa kwa neno la mahali vile vile. Mfaransa anenaye il y a hakuzuiwa kuandika falsafa ya Descartes. Basi hata sisi hatukuzuiwa kuifahamu.

Lakini tusidhani kwamba Kagame alikosa kila kitu. Alitufundisha kwamba swali "wapi?" litakuja, na sababu ya kuja kwake. Mwalimu asiyejua sababu hiyo humkaripia mtoto, au hujibu juu ya mbingu tu, na mtoto akakua akidhani Mungu ana nyumba juu ya mawingu. Mwalimu ajuaye sababu hiyo aweza kumwuliza mtoto juu ya ile namba kati ya 7 na 9, kisha akamwonyesha kwamba vipo visivyokaa mahali.

VI. Mantiki ni ya nani?

Jambo jingine ambalo Kagame alilisema, nalo husahauliwa na wanaompinga, ni kwamba sheria za kufikiri sawasawa hazina kabila. Kuwaza, kuhukumu na kutoa hoja, kwa umbo lake, ni kumoja kwa watu wote. Yale yabadilikayo kwa lugha na desturi ni mambo yenyewe yanayofikiriwa na maneno yanayotumika. Twalitia jambo hili katika mizani.

Mtu akisema sokoni: Kila changu ni samaki, huyu ni changu, basi huyu ni samaki, hakuna atakayempinga. Akisema: Kila changu ni samaki, huyu ni samaki, basi huyu ni changu, wachuuzi watamcheka, na watamwonyesha kolekole. Hawakufundishwa mantiki shuleni, nao wamekataa hoja mbovu kwa kuleta mfano ulio kinyume, na hiyo ndiyo njia ile ile aitumiayo mwenye chuo.

Hata mafundo magumu ya mantiki huja kwetu bila kuharibika njiani. Mtume Paulo, katika waraka kwa Tito, amtaja mtu wa Krete aliyewashuhudia Wakrete kuwa ni waongo siku zote. Natuseme kwa mfano kwamba mtu wa Dunda asema, "Watu wa Dunda hawasemi kweli hata mara moja." Kama neno lake ni kweli, naye ni mtu wa Dunda, basi amesema kweli mara moja, na neno lake limeanguka. Kwa hiyo haliwezi kuwa kweli. Je, laweza kuwa uwongo? Laweza, maana yake ni kwamba yuko mtu wa Dunda, labda jirani yake, aliyepata kusema kweli. Fundo limefunguka. Lakini mtu akisema, "Neno hili nilisemalo sasa ni uwongo," hakuna jirani wa kutuokoa. Likiwa kweli, basi ni kama lisemavyo, yaani ni uwongo. Likiwa uwongo, basi si kama lisemavyo, yaani ni kweli. Alfred Tarski wa Poland, katika maandiko yaliyotoka mwaka 1933, alionyesha kwamba katika lugha za hesabu fundo hili huepukwa kwa kutoruhusu lugha itamke juu ya ukweli wa maneno yake yenyewe. Ukweli wake husemwa katika lugha nyingine iliyo juu yake. Lugha za nyumbani hazina mpaka huo, na kwa hiyo zote zaweza kusema neno lijipingalo, Kiswahili sawa na Kiyunani.

Tazama na mfano mwingine, uliofanywa mashuhuri na G. E. Moore wa Cambridge. Mtu asema, "Mvua inanyesha, lakini sisadiki kwamba inanyesha." Yote mawili yaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja: mvua yanyesha nje, na mtu amelala ndani, hasadiki. Ila yeye mwenyewe hawezi kuyatamka yote mawili kwa unyofu. Kwa nini? Kwa sababu asemaye "mvua inanyesha" amekwisha kujifunga kwamba asadiki hivyo. Mwalimu wa dini apaswa kulifikiri hili. Mtu asemaye "nasadiki" hasimulii hali ya moyo wake tu, kama asemaye "naona baridi"; ajifunga mbele ya watu kwamba jambo lile ni kweli.

VII. Kujua usichojua kuwa wakijua

Sasa twaja kwenye ugumu mkubwa wa kazi ya Kagame. Alisema kwamba Wanyarwanda walikuwa na falsafa ya kuwa, iliyofichwa katika lugha yao. Lakini mkulima wa Kiyanza akiulizwa kama alijua kwamba vilivyopo ni vya namna nne, angesema hakulijua hilo. Basi je, alilijua au hakulijua? Ni fundo la kale. Plato, katika Meno, alileta mtu aulizaye: uwezaje kutafuta usichokijua? Na ukikijua, wakitafutia nini?

Kiswahili chatupa ufunguo wa nusu ya mlango. Twasema "ajua kuogelea", na twasema "ajua kwamba maji ni ya chumvi". Kujua ni neno moja, lakini mambo ni mawili. Mtoto wa miaka mitano ajua kusema "mahali pangu" bila kukosea; hajui kwamba kuna ngeli ya mahali. Gilbert Ryle wa Oxford alizieleza tofauti hizi katika kitabu chake cha mwaka 1949. Mwenye lugha anayo ile ya kwanza bila shaka. Kagame alitoka katika ile ya kwanza akaingia katika ile ya pili: kwa kuwa wajua kusema hivi, basi wajua kwamba mambo yako hivi. Kuruka huko ndiko kusikokuwa na daraja. Aliyejua kwamba vilivyopo ni vya namna nne alikuwa Kagame mwenyewe, naye alilijua kwa kazi yake ya akili.

Paulin Hountondji wa Benin, aliyefariki mwaka 2024, alilisema jambo hili kwa ukali katika miaka ya 1970. Falsafa, alisema, si imani za kundi zisizo na mwenyewe. Ni maandiko na hoja za watu wenye majina, waliokubali kujibu wakipingwa. Kwa kipimo hicho kitabu cha Kagame ni falsafa ya Kiafrika kweli kweli, lakini ni falsafa ya Kagame.

Njia nyingine ilifunguliwa Kenya na Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 1995. Tangu mwaka 1974 yeye na wenzake walikwenda kwa wazee mashuhuri kwa busara, wakawauliza maswali juu ya Mungu, mema na maovu, uhuru na usawa. Aliwagawa katika namna mbili: mzee ajuaye vema yasemwayo na watu wake na kuyakariri, na mzee ajuaye hayo kisha akayapima, akakubali haya na kukataa yale kwa sababu. Paul Mbuya Akoko, Mjaluo, alikuwa mmoja wa namna ya pili. Yeye alitoa hoja kwamba Mungu ni mmoja kwa mataifa yote, kwa maana kama kila taifa lingekuwa na mungu wake, ulimwengu usingekuwa na utaratibu mmoja kama tuuonavyo. Msomaji aliyesoma theolojia ataitambua hoja hiyo, nayo ilitoka kwa mzee mwenye jina, aliyeweza kuulizwa tena. Kitabu cha Oruka juu ya kazi hii kilitoka mwaka 1990.

VIII. Yatupasayo sisi

Waalimu na mapadre wamekuwa wakusanyaji wa maneno na desturi tangu siku za Sacleux, na kazi hiyo haijaisha. Haya yote yatufundisha jinsi ya kuifanya.

Kwanza, tusiache kukusanya maneno, na hasa yale madogo. Katika kila lugha ya jirani, Kizaramo, Kikwere, Kidoe, Kizigua, iandikwe jinsi wasemavyo "mahali", "wakati" na "namna", na upatanisho wa majina ya wanyama na mizimu. Kagame alilinganisha lugha nyingi, lakini kazi ya kulinganisha haiwezi kupita ubora wa orodha zinazolinganishwa.

Pili, tusiandike "Wazaramo huamini" au "Waswahili hufikiri" kwa sababu tumepata neno katika sarufi yao. Tuandike: wasema hivi. Kama wafikiri hivyo, tukawaulize.

Tatu, tukimwuliza mzee, tuandike jina lake kwa ridhaa yake, tuandike na sababu alizozitoa, tena tumwulize nani ampingaye na kwa nini. Neno lisilo na mpinzani mara nyingi ni neno lisilopata kufikiriwa.

Nne, tusiogope kufundisha mantiki kwa Kiswahili. Tunalo "shaka" na "yakini", "kudhani" na "kujua", "hoja" na "ushahidi". Baadhi tulirithi, mengi tuliazima, yote sasa ni yetu. Kijana aliyekwisha kuonyeshwa kasoro ya hoja ya changu na samaki hatadanganywa upesi na mhubiri wa uwongo, wala na mwuza dawa asemaye kwamba fulani alikunywa akapona, basi kila anywaye atapona.

Kagame alikuwa padre wa Kiafrika aliyekwenda katika chuo kikubwa cha Roma na kutoa hoja kwa lugha ya mama yake kama shahidi anayestahili kusikilizwa pamoja na Kiyunani cha Aristotle. Shahidi huyo hakusema kila alichotaka aseme, wala hakuna shahidi afanyaye hivyo. Lakini tangu mwaka 1956 hakuna mtafiti aliyesoma kitabu kile awezaye kuandika juu ya mawazo ya Wabantu pasipo kuulizwa: na lugha yao yasemaje?